Asiyeweza Kusoma Si Mjinga

Wazazi wapenzi, leo twataka kuzungumza nanyi juu ya mtoto ambaye bila shaka yuko katika mitaa ya Viwanja Sitini, yuko Ifakara nzima, na yuko katika vijiji vyote vya bonde la Kilombero. Pengine yuko nyumbani kwako.

Mtoto huyu yu darasa la tatu au la nne. Akili anazo. Mtume dukani na shilingi elfu kumi akanunue sukari, chumvi na sabuni. Atarudi na chenji kamili bila kuandikiwa karatasi. Mwombe akusimulie hadithi ya bibi yake. Atakusimulia tangu mwanzo hata mwisho, na nyimbo zake ndani. Lakini mpe kitabu cha darasa la kwanza, naye atatoka jasho. Neno alilolisoma mstari wa juu, akilikuta mstari wa chini halijui tena. Mwisho hukisia tu, au hunyamaza kimya na kuinamisha kichwa.

Nasi watu wazima twasemaje? Mwalimu asema, "Mvivu huyu." Jirani asema, "Amechezewa huyo." Wenzake humcheka. Na baba, mpunga unapoanza kutoa masuke, husema, "Shule imemshinda mtoto huyu. Na aje shambani kuamia ndege, angalau atatusaidia." Mtoto hupanda dunguni akiwa na kombeo, na mara nyingi harudi tena darasani. Akikua hawezi kusoma karatasi ya dawa, wala hati ya shamba lake, wala barua ya mwanawe. Atamtegemea mwingine kumsomea maisha yake yote, na huyo mwingine aweza kumdanganya.

Ndugu msomaji, hasara hii yote mara nyingi yatoka katika kosa moja: kudhani kwamba asiyeweza kusoma ni mjinga. Kumbe sivyo.

HITILAFU HII NI NINI?

Wataalamu huiita disleksia, jina lililoundwa kwa maneno ya Kiyunani, na maana yake ni ugumu wa maneno. Jina hilo lilitumiwa kwanza katika miaka ya 1880 na Rudolf Berlin, daktari wa macho wa Ujerumani. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka 14 aitwaye Percy. Macho ya Percy yalikuwa mazima. Hesabu alizijua vizuri. Alikuwa na walimu tangu utotoni. Hata hivyo kusoma kulimshinda kabisa, na alipoambiwa aandike jina lake mwenyewe alibadilisha mahali pa herufi zake. Mwalimu wake alishuhudia kwamba kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo tu, Percy angekuwa hodari kupita wote shuleni.

Sikieni neno hilo vizuri, wazazi. Tangu zaidi ya miaka 120 iliyopita yajulikana kwamba mtoto aweza kuwa na akili kali na bado kitabu kikamshinda.

Sababu yake ni hii. Kusema ni jambo ambalo mtoto hulipata mwenyewe kwa kusikia watu. Kusoma si hivyo. Kusoma ni kazi ya kufundishwa: ubongo wapaswa kuunganisha alama iliyo karatasini na sauti iliyo mdomoni, tena kwa upesi, hata mtu asifikiri. Kwa mtoto mwenye disleksia kiungo hicho ni dhaifu. Amezaliwa nacho hivyo, kama mwingine anavyozaliwa akitumia mkono wa kushoto. Mara nyingi hali hii huenda katika ukoo: ukichunguza utamkuta baba, mjomba au shangazi ambaye naye shule ilimpa taabu. Si uchawi, si laana, wala si ugonjwa wa kuambukiza.

Wataalamu wengi hukadiria kwamba katika kila watoto 100, kati ya 5 na 10 wana hali hii, wengine kwa ukali na wengine kidogo. Basi katika darasa la watoto 80 yawezekana wamo wanne, au hata wanane.

ITAMBULIKANAJE?

Kwanza, tuondoe mambo mengine. Mtoto asiyeona vizuri hawezi kusoma ubao. Asiyesikia vizuri hawezi kutofautisha sauti. Anayekwenda shule na njaa, au anayepigwa na malaria mara kwa mara, au aliyekosa shule miezi miwili kwa kuwa familia nzima ilihamia shambani, huyo naye atachelewa. Na mtoto ambaye nyumbani husema Kindamba au Kipogoro tu yafaa apewe muda wa kukizoea Kiswahili. Kwa hiyo mpelekeni kwanza hospitali akapimwe macho na masikio, kisha angalieni mahudhurio yake.

Mambo hayo yakiwa sawa, na taabu bado ipo, tazameni dalili hizi:

Huchanganya herufi zinazofanana, mathalani b na d, hata baada ya miaka miwili au mitatu ya shule.

Huruka sauti ndani ya neno. Mahali pa "mbegu" huandika "begu". Mahali pa "ndizi" huandika "dizi".

Ukimwambia, "Toa sauti ya ka katika neno kalamu, nini chabaki?" hushindwa, hali wenzake hujibu mara moja.

Husoma polepole mno, na akifika mwisho wa sentensi amekwisha sahau mwanzo wake.

Ukimsomea wewe, huelewa yote na kujibu maswali vizuri. Hii ndiyo dalili kubwa. Mlango wa macho umekwama, bali mlango wa masikio u wazi.

Dalili moja peke yake haitoshi. Watoto wengi hugeuza herufi katika darasa la kwanza, na baadaye huacha. Dalili zikiwa nyingi, na zikidumu, hapo ndipo pa kuchukua hatua.

KISWAHILI CHETU KINATUSAIDIA

Hapa tuna bahati kubwa. Kiswahili huandikwa kama kinavyosemwa. Vokali zetu ni tano tu, nazo hazibadiliki: a ni a siku zote. Lugha ya Kiitalia nayo iko karibu na hivyo. Mwaka 2001 ulitolewa uchunguzi uliowalinganisha watu wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Walionekana kuwa na udhaifu uleule katika ubongo, lakini Waitalia walisoma vizuri kuliko wenzao, kwa sababu maandishi yao ni ya haki na hayana hila nyingi. Basi mtoto wetu akifundishwa vema, aweza kufikia kusoma kwa usahihi, ingawa atabaki mtu wa polepole.

Lakini Kiswahili kina taabu zake. Kina sauti za kuungana, kama mb, nd, ny, ng', mw na kadhalika. Tena kina maneno marefu. Neno kama "hawakutusaidia" ni sentensi nzima iliyofungwa pamoja. Mtoto huyu akiliona huogopa, kama mtu aonavyo mto uliofurika. Mkatie vipande: ha-wa-ku-tu-sa-i-di-a. Sasa atapita jiwe kwa jiwe.

Na kumbukeni, elimu ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo maandishi yake hayafuati matamshi. Mtoto asiyesaidiwa katika Kiswahili, huko atazama kabisa. Ndiyo maana twasema, msaidieni mapema, samaki angali mbichi.

CHOMBO SI UVIVU

Wako wanaosema, "Mtoto akisomewa na mashine, hatajifunza. Huko ni kumdekeza." Twawauliza: Zamani tulivuka Mto Kilombero kwa pantoni. Leo twavuka kwenda Ulanga kwa Daraja la Magufuli. Je, apitaye darajani ni mvivu? Mzee avaaye miwani asome gazeti hili, je, anadekezwa? Jambo la maana ni kufika ng'ambo. Mtoto huenda shule ajue historia, sayansi na hesabu. Kama herufi zimekuwa mto uliofurika, tumpatie njia ya kuvukia, huku tukiendelea kumfundisha kuogelea. Yote mawili yafanyike pamoja. Chombo kimsomee somo la leo, na mwalimu amfundishe silabi za leo. Mwenye kufanya la kwanza tu amwacha mtoto bila kusoma. Mwenye kufanya la pili tu amwacha nyuma katika masomo mengine yote.

VYOMBO VISIVYO NA GHARAMA

Msidhani kwamba vyombo ni vya umeme tu. Vingi mwaweza kuvitengeneza leo jioni.

Kadi yenye dirisha. Chukua boksi la sabuni, ukate kipande cha upana wa kiganja, na katikati yake utoboe dirisha jembamba la kuonyesha mstari mmoja tu. Mtoto aiweke juu ya kitabu na kuisogeza chini polepole. Mistari mingine ikifichwa, macho hayapotei njia.

Ungo wa mchele. Mama, unapochagua mchele, tandaza mchele kidogo katika ungo. Mtoto aandike herufi kwa kidole, huku akitamka sauti yake kwa nguvu: "b... b... ba." Macho yaona, sikio lasikia, mkono wahisi. Njia hii ya kutumia viungo vitatu pamoja si mchezo wa kitoto. Daktari Samuel Orton wa Marekani aliyeanza kuchunguza watoto wa namna hii mwaka 1925, pamoja na mwalimu Anna Gillingham, waliijenga njia yao ya kufundisha juu ya msingi huo, nayo yafuatwa hata leo.

Herufi za msasa. Kata herufi katika karatasi ya msasa, ile wanayotumia maseremala, uzigandishe juu ya kadi. Mtoto afuate herufi kwa kidole akiwa amefumba macho. Daktari Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907, alifundisha hivyo; na hapa Tanzania wako masista na walimu wengi wa watoto wadogo waliosomea njia yake. Ukimjua mmoja, mwombe akuonyeshe.

Kadi za silabi. Andika ba, be, bi, bo, bu, kila moja katika kadi yake, kwa herufi kubwa. Mtoto azipange kuwa maneno: ba-ba, bi-bi, bu-bu. Akizizoea, leta mba, mbe, mbi. Usiongeze kadi mpya kabla za jana hazijakaa.

Na wewe mwalimu, unapoandika ubaoni, andika kubwa, acha nafasi pana kati ya maneno na kati ya mistari, wala usimlazimishe mtoto huyu kunakili ubao mzima. Mpe mistari miwili ya maana. Tena usimsimamishe asome mbele ya wote bila kumwarifu. Mpe sentensi yake tangu jana, aizoee nyumbani, ndipo asome kesho. Heshima yake itapona.

VYOMBO VYA UMEME

Sasa tuje kwenye vyombo vya siku hizi. Baada ya sensa ya Agosti 2022, Serikali iliwagawia walimu vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa. Kwa hiyo walimu wengi wa shule za msingi wana chombo mkononi. Na nyumbani, simu ya kupapasa imeingia hata vijijini. Yafaa kuvitumiaje?

Njia rahisi kuliko zote ni kurekodi sauti. Mwalimu asome somo la sayansi kwa sauti, polepole, dakika tano tu, na kulirekodi. Mtoto asikilize huku akifuata maneno kitabuni kwa kidole. Asikilize mara ya pili. Mara ya tatu asome pamoja na sauti. Kazi hii haihitaji intaneti, wala haihitaji simu ya bei kubwa. Dada yake aliye darasa la saba aweza kuirekodi vilevile.

Njia ya pili ni sauti ya mashine. Simu nyingi za kupapasa zina uwezo wa kusoma kwa sauti maandishi yaliyo kiooni, na sauti ya Kiswahili imo. Hupatikana katika mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu. Pakueni sauti hiyo siku mliyo na intaneti, mpate kuitumia baadaye. Punguzeni mwendo wake, kwani ile ya kawaida ni ya haraka mno kwa mtoto.

Njia ya tatu ni kuandika kwa kusema. Tangu mwaka 2017 kampuni ya Google imetia Kiswahili katika chombo chake cha kugeuza maneno ya mdomo kuwa maandishi. Mtoto asema, simu yaandika. Kwa mtoto ambaye ana mawazo kumi lakini kalamu yake huweza moja tu, hili ni jambo kubwa. Hukosea maneno, na mara nyingi huhitaji intaneti, kwa hiyo mtu mzima awe karibu kusahihisha.

Je, vyombo hivi vimejaribiwa kwetu? Ndiyo, katika mkoa wa Tanga. Kuanzia mwisho wa mwaka 2017, kwa muda wa miezi 15, vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili vilipelekwa katika vijiji karibu 170, kwa watoto kama 2,700, katika mashindano yaitwayo Global Learning XPRIZE. Serikali yetu, UNESCO na Shirika la Chakula Duniani walisaidia. Vilichajiwa kwa nguvu ya jua. Kabla ya kuanza, zaidi ya watoto 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 washindi wawili walitangazwa, onebillion na Kitkit School. Hii ya pili ilitengenezwa na kampuni iliyoanzishwa na mume na mke Wakorea, ambao walianza kazi hii kwa sababu mtoto wao mwenyewe alizaliwa na ulemavu. Walitaka masomo ambayo mtoto wa polepole hatayaona aibu.

Majaribio ya Tanga hayakuwa ya watoto wenye disleksia peke yao, tusikuze maneno. Lakini yametufundisha jambo moja: mashine haichoki kurudia. Mtoto akiomba sauti ya "mba" mara hamsini, atajibiwa mara hamsini bila kufokewa. Mwalimu wa watoto 80 hana nafasi hiyo, hata akiwa na moyo wa dhahabu. Tena nusu ya watoto wale hawakufika. Kishikwambi bila mtu mzima aliye karibu ni nusu ya kazi.

JIHADHARINI

Penye shida hapakosi wachuuzi. Wako wauzao miwani ya rangi, wakisema itaponya kusoma. Mwaka 2009 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, pamoja na madaktari wa macho, walitangaza kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuhusu dawa hiyo, kwani taabu haiko machoni. Msinunue. Wala msitoe kuku wala fedha kwa mwenye kudai kumwondolea mtoto uchawi. Na fimbo? Fimbo haifundishi sauti ya herufi. Huongeza hofu tu, na mtoto mwenye hofu husahau hata alichokijua.

HAKI YA MTOTO

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yasema kwamba mwenye ulemavu ana haki ya kusoma pamoja na wenzake na kupata msaada unaomfaa. Baraza la Mitihani nalo limekuwa likiwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Lakini haki haiji yenyewe mlangoni. Shule yapaswa kumtambua mtoto mapema, miaka kabla ya mtihani, wala si asubuhi ya mtihani. Kwa hiyo nendeni kwa mwalimu mkuu, baba na mama pamoja, mkaulize waziwazi: "Mtoto wetu aelewa akisomewa, lakini hawezi kusoma. Tufanyeje?" Ombeni iandikwe. Mwalimu mkuu awapeleke kwa ofisa wa elimu maalumu wa halmashauri.

BASI TUANZE

Wazazi wapenzi, tufanye nini wiki hii? Jumatatu jioni, mketishe mtoto karibu na taa. Msomee ukurasa mmoja, umwulize maswali. Akijibu vema, mwambie kwa kinywa chako mwenyewe, mbele ya ndugu zake: "Wewe si mjinga. Kusoma kwako kuna taabu, nasi tutakusaidia." Mtoto aliyeitwa mjinga miaka mitatu ahitaji kulisikia neno hilo kuliko anavyohitaji kishikwambi. Jumanne, tengenezeni kadi yenye dirisha. Jumatano, silabi tano katika ungo. Dakika 15 kila siku zatosha, bora zisikatike, hata wakati wa mavuno. Mkihamia shambani, kadi zile zitakaa katika mfuko wa shati, na sauti ya mwalimu itakaa ndani ya simu.

Na ndege wa mpunga? Waamiwe na watu wazima kwa zamu, au na watoto baada ya saa za shule. Haba na haba hujaza kibaba; silabi tano leo, tano kesho, na mwaka ukiisha mtoto atasoma sentensi yake. Atasoma polepole, lakini atasoma mwenyewe.